Kinu Kitupu Hakitwangwi

Mama mkubwa wangu hakujua kusoma, na sitaki mtu amhurumie kwa hilo. Alijua mambo mengine. Kwa kunusa tu alijua kama mpunga umekauka vya kutosha kwenda kinuni. Alijua jirani gani ataomba jembe kesho. Alijua kutunga mistari mitatu ya kumfanya mwanamume mzima abadilishe njia ya kwenda sokoni. Shuleni masista walitufundisha kwamba mshairi ni mtu wa Ulaya, ana ndevu, na amekwisha kufa. Mimi nililelewa na mshairi asiye na ndevu, mzima wa afya, mbahili wa chumvi, mwenye ugoro puani kuanzia asubuhi.

Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Mama alipofariki nilikuwa sijaota meno ya pili, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka msibani. Aliishi kwenye barabara ya Bangboka, upande ambao ndege hushuka kuelekea uwanjani, na huko alilima mpunga wa mlimani katika msitu uliofyekwa. Wazee wake walikuwa Waislamu wa tangu enzi za misafara, watu waliokuja na mbegu ya mpunga wakabaki nayo. Wakati wa mambo haya mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mtaani Kabondo, mjini Kisangani. Jumamosi tulimaliza kwanza salongo, yaani ile kazi ya kufyeka na kufagia ambayo Serikali iliiita ya kujitolea na ambayo usipojitolea unakamatwa. Kisha nilipanda baisikeli nikaenda kutwanga naye.

Kwetu kinu kina sheria. Wanawake wawili au watatu wanatwanga katika kinu kimoja, mchi mmoja unashuka mwingine unapanda, mmoja anaimba na wengine wanajibu. Ukiwa umeshika mchi unaweza kumwimba mtu yeyote: mume, chifu, mkwe, mke mwenzako, hata imamu. Hakuna ruhusa ya kukasirika. Hakuna ruhusa ya kulibeba neno hilo mpaka barazani wala kulirudia kisimani. Neno la kinu halitoki kinuni. Na kama limekuuma, unashika mchi, unajibu kwa wimbo mbele ya wanawake wale wale, mpaka mchele uwe mweupe. Mchele ukishakuwa mweupe, maneno yamekwisha. Nimewaona kwa macho yangu wake wenza wawili, hawajasalimiana tangu mwezi wa kupanda, wakimaliza vikapu viwili vya mpunga kwa matusi ya kuimba, na mwisho wakagawana ugoro.

Sheria ya pili ni fupi. Kinu kitupu hakitwangwi. Anayetwanga kinu kitupu anaita njaa, na njaa ikishaitwa haiulizi nani kaita, inaingia kwa wote waliousikia mlio. Nilipokuwa mdogo niliwahi kukigonga kwa mchezo. Mama mkubwa alinipiga kofi moja, kisha akanipa konzi ya mpunga niutie na kuutwanga hapo hapo, huku nalia, ili kurudisha nyuma kile nilichokiita.

Sasa mniruhusu nimsifu, maana hakuna aliyemsifu. Jirani yake aliyeomba jembe kila msimu alipata hii:

Jembe yako iko mugonjwa, jirani.
Siku ya kulima inalala,
siku ya kuvuna inapona.

Akaja monita wa kilimo kupima mashamba, kwa sababu kila mtu alipaswa kulima kipimo kilichoandikwa ofisini. Alivuta kamba yake huku na huku, akaandika, akasema shamba ni dogo. Mama mkubwa alikuwa kinuni. Hakuinua macho:

Monita anapima shamba na kamba,
miye ninapima na mugongo.
Kamba yake inaisha mbele ya saa sita,
mugongo yangu inaisha ku mavuno.

Yule monita alikuwa mtu mwema. Alisimama, akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akaomba mchi, akatwanga vibaya na kujibu vibaya zaidi. Tangu siku hiyo shamba lilitosha kipimo. Kwa hiyo mwanamume kushika mchi si jambo lisilowezekana, ni jambo la moyo tu.

Na kuna hii, aliyoitunga baada ya mkutano mmoja wa Chama tuliposimamishwa juani kupiga makofi. Wakati ule Chama kilikuwa kimoja, hivyo hatukuhitaji kukitaja jina:

Majani mubaya haiulizi nani anatawala,
inaota.
Na miye siulizi,
ninalima.

Nilianza kuyaandika maneno hayo katika daftari la shule. Nilijiambia kwamba naogopa yasipotee. Ukweli mwingine ni kwamba niliona fahari. Nilitaka mtu mmoja mwenye vyeti asome na kusema, kumbe. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na lilikuwa kosa la mtu aliyesoma, maana asiyesoma asingeweza kulifanya.

Wanafunzi wangu niliwafundisha wimbo wa jembe. Waliuimba uwanjani, siku tulipokuwa tukifanya animasyo, yaani nyimbo na ngoma za kumsifu Guide, Kiongozi wa nchi, ambazo walimu na watoto walizicheza kila wiki. Msimamizi wa kikundi chetu alisikia. Tulimwita Citoyen, yaani raia, kama tulivyomwita kila mtu. Alikuwa na abakosti, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, na filimbi shingoni. Hakuwa shetani. Alikuwa mtu aliyewaogopa wakubwa wake, na mwoga akipewa filimbi hupasua masikio ya watu.

"Mwalimu," aliniambia, "ile chanson ya jembe ilitoka wapi?"

"Ni ya mama yangu mukubwa, Citoyen. Ya kinu."

"Iko na zingine?"

"Iko mingi. Niliandika mu cahier."

"Bon. Leta ile cahier. Na dossier yako ya matricule, minaona iko inalala tu. Tutaiamusha."

Matricule ni ile namba ya mwalimu aliyethibitishwa. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu darasani bila namba. Mwalimu asiye na namba anaweza kuondolewa Jumatatu na wanafunzi wakadhani ameugua. Niliipenda kazi ile. Nilipenda hata vumbi la chaki. Kwa hiyo nilimpelekea daftari kesho yake asubuhi, limefungwa katika gazeti.

Lilirudi baada ya wiki, limesahihishwa kwa wino mwekundu, ule ule niliotumia mimi kuwasahihisha watoto. Jina la Guide lilikuwa limepandwa kila mahali. Guide ndiye aliyemponya jirani jembe. Guide ndiye aliyempa monita kamba. Na ule wimbo wa magugu ulisomeka hivi: Majani mubaya inaogopa Guide, inakufa.

"Délégation ya Kinshasa itashuka Bangboka na ndege," Citoyen alisema. "Tunataka mama wa kijiji, wa kweli, na kinu yake, aimbe pale chini ya avion. Authenticité! Mambo ya asili yetu! Akiimba muzuri vile niliandika, siku ile ile minaweka signature ku dossier yako. Akikataa..." Alilichukua daftari tena mikononi mwangu na kulitia katika mkoba wake, akaniachia karatasi moja yenye maneno mapya.

Niliendesha baisikeli mpaka shambani nikiwa na karatasi hiyo kifuani. Mama mkubwa alikuwa akipalilia. Nilimsomea, nikianzia na magugu.

"Soma tena," alisema.

Nilisoma tena. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo.

"Majani inaogopa Guide? Bon, aje basi! Shamba yote hii iko na majani. Asilime, apite tu mu katikati, inatosha." Alijifuta machozi kwa upindo wa kitenge. Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Nani alimupa maneno yangu?"

"Ni miye, mama."

"Ulitoa neno inje ya kinu. Juu ya nini?"

"Juu ya kazi, mama mukubwa. Bila ile namba watanifukuza."

Alivuta ugoro, akapangusa pua. "Kazi ni kitu," alisema. "Sisemi kazi si kitu. Lakini imeniuma. Twende ku kinu."

Tulitwanga wawili, mchana, hakuna mwingine uani ila kuku. Aliimba kwa sauti ya chini na mchi wake haukukosea hata mara moja:

Nilichunga kuku mu nyumba,
ikajifunza kuandika,
ikaandikia kipanga njia ya kuja kwetu.

Sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na mistari ile mitatu. Nililia, lakini sheria ni sheria, ilinibidi nijibu. Niliimba kitu kuhusu kuku asiye na kiota, kisichokuwa na vina wala mwendo, na nilipoteza mapigo mara mbili. Aliniimba tena, nikajibu tena. Aibu yangu yote niliitolea pale. Mpunga ulipokuwa mweupe aliupepeta, akanipimia wangu katika bakuli, na hakulirudia jambo lile mpaka anakufa. Alisema tu, "Nitaenda Bangboka. Nitaimba. Lakini kinu ni yangu, na sheria yake ni yake."

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi kama mjinga, nikaanza kuiota namba yangu.

Siku yenyewe lori lilitukusanya mapema. Wanawake wote walipewa kitenge chenye picha ya Guide, wengine kifuani, wengine matakoni, kadiri fundi alivyokata. Tulipangwa kwenye nyasi pembeni ya uwanja, na jua likapanda, na maji hayakuwepo. Mama mkubwa alishuka akiwa na kinu chake, michi mitatu, na kikapu cha mpunga kichwani.

"Hii ni ya nini?" Citoyen aliuliza akinyoosha kidole kwenye kikapu.

"Ni ya kutwanga."

"Hapana, mama. Makapi itarukia wageni. Kinu iko ya kuonyesha tu. Mutatwanga bure." Akaagiza kikapu kirudishwe kwenye lori, na lori likaenda kuchukua watu wengine mjini.

Mama mkubwa aliiangalia barabara mpaka vumbi likatulia. Kisha akailaza michi chini, mmoja mmoja, akakaa kwenye nyasi na kunyoosha miguu.

"Kinu tupu haitwangwi," alisema.

Hakupandisha sauti, lakini ilitosha. Wawili waliopangwa kutwanga naye walikuwa wamekuja kutoka Maniema, na huko kwao nako njaa inaitwa hivyo hivyo. Walirudi nyuma. Citoyen aliita mwingine, naye akatikisa kichwa: "Miye niko na batoto." Akaita wa nne, huyo akajifunika kichwa kitenge.

"Lakini ni théâtre!" Citoyen alipiga kelele. "Ni théâtre tu, mama!"

"Njaa haijui théâtre."

Wanawake walicheka, na kicheko kikapita mstari mzima mpaka mwisho. Filimbi ililia. Tuliisikia ndege kwa mbali, bado haionekani. Citoyen alinigeukia. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya abakosti, na kwapani alikuwa na dossier yangu, faili la buluu nililolijua, kwa sababu nililinunua mimi mwenyewe na kuandika jina langu juu yake kwa mwandiko wa ubaoni.

"Mwalimu," alisema. "Sema na mama yako."

Watu wote waliniangalia, isipokuwa mama mkubwa. Yeye alikuwa anatafuta kichupa chake cha ugoro. Hakunisaidia kwa jicho wala kwa mkono, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Sitajifanya shujaa. Niliitaka namba ile. Niliona darasa langu, niliona ubao, niliona mtu mwingine amesimama mbele yake na chaki yangu. Kisha, sijui kwa nini, lile kofi la utotoni likanirudia shavuni, na konzi ya mpunga, na nikasikia hasira. Huyu mtu alikuwa ameyachukua maneno ya mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka yote hiyo, akayatia wino, na sasa amemnyang'anya hata mpunga, kisha anataka mlio.

"Leta mpunga, Citoyen," nilisema.

"Unasema nini?"

"Ninasema leta mpunga. Atatwanga."

Ndege ilitokea juu ya miti. Citoyen aliitazama, akanitazama, akalitupa faili langu kwenye nyasi na kunyakua mchi. "Sasa mutaona kama ile njaa itakuja!" Akaupiga mchi ndani ya kinu kwa nguvu zake zote.

Wengine waliziba masikio. Mimi sikuziba. Ulikuwa mlio mbaya, mkavu, wa mti kwa mti. Mama mkubwa alisimama, akajikung'uta nyasi, akaja mbele yake karibu kabisa.

"Bon," alisema. "Umeshika mchi. Sasa jibu."

Na akamwimbia ule wa magugu, ule wa kweli. Majani mubaya haiulizi nani anatawala. Wanawake, wale wa Maniema, wale wa Kabondo, wale tusiowajua, waliitikia: Inaota! Hawakuwa na michi, walipiga makofi. Na miye siulizi. Ninalima! Ndege ilishuka, ikaja, ikasimama, mlango ukafunguka. Citoyen alikuwa ameahidi wageni mlio wa kinu na wimbo wa wakulima, na mshika mchi alikuwa mmoja tu. Angeuacha, kungekuwa hakuna onyesho. Kwa hiyo alitwanga. Alitwanga katika abakosti yake, filimbi inampiga kifuani, na kila mara mama mkubwa alipofika mwisho alimwambia ajibu, naye akazidi kutwanga. Mshika mchi haachi mpaka mchele uwe mweupe, na mle ndani hamkuwa na mchele.

Wageni walipita. Walipunga mikono, wakaingia katika magari. Hawakutusikiliza, watu wa namna ile hawasikilizi. Mioyo yetu ilikuwa imejaa hofu ya masikio yao, na kumbe masikio yenyewe hayakuwepo.

Citoyen aliuangusha mchi. Aliokota faili langu, akalipangusa vizuri kwa kiganja, na kusema kwa upole ulionitisha kuliko kelele: "Mwalimu, Yahuma wanatafuta mutu wa kufundisha. Pale iko majani mingi."

Barua ilinifikia kabla mwezi haujaisha. Nilipelekwa Yahuma, magharibi kabisa, safari ya mto na ya miguu, katika shule ambayo paa lake lilikuwa la majani na ambayo mvua ilikuwa mwanafunzi asiyekosa. Nilikaa huko miaka mitatu. Namba sikupewa, wala daftari sikurudishiwa. Watu husema baada ya muda hasira hupoa. Yangu haijapoa, na sioni sababu ya kuipepea. Miaka ile mitatu ilikuwa ya mama mkubwa, na alinyang'anywa akiwa bado ana nguvu za mikono.

Niliporudi, bega lilikuwa limemwisha. Hakuweza tena kuinua mchi. Nilimwambia: mama mukubwa, daftari lilibaki kwa Citoyen, nisomee zile nyimbo, niandike tena. Alinitazama kana kwamba nimemwomba atwange kwa kijiko.

"Miye sisomi," alisema. "Shika mchi."

Basi ndivyo nilivyozipata. Yeye ameketi na ungo mapajani, mimi natwanga, anatoa mstari, najibu, nikikosea anaurudia, na mpunga ukiisha na wimbo umekwisha, mpaka Jumamosi nyingine. Nyingine alikuwa amezisahau, akatunga mpya, na nikimwambia haikuwa hivyo alikasirika. Moja ilinihusu mimi mwenyewe:

Mwalimu wangu alitafuta namba,
akapata Yahuma.
Yahuma haina namba,
lakini alirudi na mikono.

Amekufa sasa, wakati wa kuvuna, jambo ambalo lingemuudhi.

Najua ninachofanya hapa. Natoa tena neno nje ya kinu, na safari hii hakuna aliyenishika shati kwa ajili ya kazi. Nimefanya hivyo nikiwa na akili zangu, kwa sababu mahali fulani, katika sanduku fulani, daftari langu lipo na wino mwekundu, na sitaki siku moja mtu alifungue na kuamini kwamba magugu ya mama mkubwa yalimwogopa mtu yeyote.

Kama yule Citoyen yu hai na haya yamemuuma, sheria haijabadilika. Kinu kiko uani kwangu, Kabondo, kimepasuka kidogo pembeni lakini kinafanya kazi. Aje ashike mchi, anijibu mbele ya wanawake, tutwange mpaka uwe mweupe, na nikisha kuupepeta nitampimia wake katika bakuli. Ila mpunga aje nao yeye.